Wazee wa vita vya Kagera na malezi ya wanafunzi: jibu kwa mwalimu wa Misenyi

Swali: "Mimi ni mwalimu wa malezi na unasihi katika sekondari ya kata wilayani Misenyi, mkoani Kagera. Hapa kwetu wapo wazee waliopigana vita vya 1978 na 1979, na wengine waliostaafu jeshini miaka ya karibuni. Mwaka jana tulimwalika mmoja wao azungumze na wanafunzi kuhusu nidhamu na uzalendo. Alizungumza saa nzima mstarini. Wanafunzi walichoka, wengine wakaanza kuchekeana, na mzee akaondoka amenyong'onyea. Mkuu wa shule anataka tuendelee kila muhula. Je, wazee hawa wanaweza kweli kuwajenga wanafunzi kitabia? Tufanyeje isiwe hotuba tupu? Na kuna jambo la kuogopa?"

Jibu:

Mwalimu, wanaweza. Na ninyi wa Misenyi mna nafasi ambayo shule nyingi za nchi hii hazina, kwa kuwa vita vyenyewe vilianzia kwenye ardhi wanayoikanyaga wanafunzi wako kila asubuhi. Ila mzee wenu alipewa kazi ngumu mno. Ukimsimamisha mtu mbele ya mistari ya wanafunzi juani, ukamwambia azungumze kuhusu nidhamu, atahubiri tu, hata awe na maisha yaliyojaa visa. Hatapata mahali pa kuanzia kisa chake, na wanafunzi hawatapata mahali pa kuingilia.

Ninachokushauri ni hiki: mwombe mzee asimulie wakati mmoja aliolazimika kuamua jambo gumu, waache wanafunzi wamhoji, kisha arudi tena na tena kwa wanafunzi walewale. Mengine yote nitakayosema yanatokana na hayo.

Nianze na kwa nini hotuba haifui dafu, maana najua mkuu wako wa shule atakuuliza. Miaka ya 1920 huko Marekani, watafiti Hugh Hartshorne na Mark May waliwapima watoto zaidi ya 10,000 kwa mitihani na michezo ambayo mtoto angeweza kudanganya akiamini haonekani. Matokeo yaliwasumbua walezi wa wakati ule. Mtoto aliyejua kueleza vizuri uaminifu ni nini hakuwa lazima ndiye mwaminifu, na aliyekataa kuibia kwenye mtihani aliweza kudanganya kwenye mchezo bila wasiwasi. Kulijua neno ni jambo moja, na kusimama imara pale unapojaribiwa ni jambo jingine kabisa.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi, kwa sababu unagusa watu wa sare. Mwaka 1983 polisi wa Los Angeles, wakishirikiana na shule za jiji hilo, walianza kuingia madarasani kuwafundisha watoto kukataa dawa za kulevya. Mpango ule ulienea nchi nzima. Wazazi waliupenda, walimu waliupenda, polisi wenyewe waliona fahari. Lakini watafiti walipowalinganisha watoto waliopitia mpango na wale ambao hawakuupitia, tofauti katika utumiaji wa dawa ilikuwa ndogo mno au haikuonekana kabisa. Baadaye waendeshaji waliubadilisha mtaala wao, wakapunguza mihadhara na kuongeza mazungumzo na mazoezi. Kupendwa na watu wazima hakukutosha, na hilo ndilo ningemweleza mkuu wa shule kwa upole kabla hajapanga ratiba ya hotuba za muhula.

Hukohuko Marekani kuna jambo la kuazima. Chama cha askari waliotunukiwa Medal of Honor, nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani katika nchi hiyo, kina mpango wa shule unaosimama juu ya tunu sita: ujasiri, kujitoa mhanga, uadilifu, kutimiza wajibu, uraia mwema na uzalendo. Somo hujengwa juu ya video fupi ya askari mmoja akisimulia yaliyompata. Wanafunzi hujadili alichofanya, kisha hutafuta jambo la aina hiyo katika maisha yao au ya majirani zao. Tukio linakuja kwanza, jina la tunu linafuata. Ninyi hamhitaji video, kwa kuwa wenye visa wanaishi umbali wa kutembea kwa miguu.

Sasa tuje kwa wazee wako.

Kabla ya kumpeleka mzee shuleni, nenda nyumbani kwake. Nenda peke yako au na mwalimu mmoja wa historia, bila wanafunzi, na usiwe na haraka. Usimuulize "uzalendo ni nini?" Muulize ni siku gani aliogopa kuliko zote, na alifanya nini. Muulize ni mwenzake yupi anayemheshimu mpaka leo, na kwa tendo gani. Muulize kama aliwahi kuagizwa au kushawishiwa afanye jambo ambalo moyo wake ulilikataa. Utasikia mengi, na katika hayo mengi utatafuta kisa kimoja chenye njia panda: mtu angeweza kufanya hivi au vile, na kila upande ulikuwa na gharama. Hicho ndicho kisa cha kupeleka kwa wanafunzi. Kisa kisicho na njia panda, hata kikiwa na mizinga na vifaru, kinaburudisha tu.

Historia ya vita vile imejaa njia panda, na nyingi hazitajwi kwenye sherehe. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia na kulikalia eneo la kaskazini ya mto Kagera, na siku chache baadaye wakalilipua daraja la Kyaka. Novemba 2 Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo na nia ya kumpiga tunayo. Wanafunzi wako huenda wanayajua maneno hayo kwa moyo. Wasichokijua ni yaliyofuata mashambani na maofisini. Jeshi lililokuwa na askari wapatao 40,000 lilipanuka kupita 100,000 katika miezi michache, na sehemu kubwa ya walioongezeka walikuwa mgambo: wakulima, wavuvi, makarani, vijana wa vijijini ambao miezi mitatu kabla hawakuwa na wazo la kuvuka mpaka wowote. Inawezekana wazee wako wengi ni wa kundi hilo. Walipewa mafunzo, wakapigana, na vita vilipokwisha wengi wakarudi kulima migomba yao. Mzee wa namna hiyo ana swali zuri sana la kuwaachia vijana: nilikuwa na mke, shamba na mtoto mchanga, wito ukaja. Wewe ungefanyaje?

Kipo kingine, kigumu zaidi, ambacho ningekipeleka kwa kidato cha tatu na cha nne. Januari 1979 majeshi yetu yalivuka na kuuteka mji wa Mutukula. Hasira ya yaliyotendwa Kagera ilimwagika pale. Nyumba zilibomolewa na raia waliuawa. Habari zilipomfikia Mwalimu Nyerere zilimshtua, akaagiza kwamba kuanzia hapo raia wa Uganda na mali zao wasiguswe. Agizo hilo halikutekelezwa kila mahali. Mji wa Masaka nao uliumia vibaya mwezi uliofuata. Lakini askari mmoja mmoja alibaki na uamuzi wake mkononi: mlango wa duka umevunjwa, wenyewe wamekimbia, wenzako wanabeba. Ukimpata mzee aliyepita mlangoni pale bila kubeba kitu na akaweza kueleza kwa nini, umepata somo la uadilifu ambalo hakuna kitabu kitakachokupa. Ukimpata aliyebeba, na leo yuko tayari kusema kwamba jambo lile halikumwacha, hilo nalo ni somo, pengine zito zaidi. Usimlazimishe kulisema. Akilisema kwa hiari yake, wafundishe wanafunzi kumpokea kwa adabu.

Wazee waliostaafu karibuni wana yao. Wapo waliolinda amani Lebanon, Darfur na mashariki ya Kongo. Mlinda amani ana mtihani wa pekee: ana silaha, lakini kazi yake ya kwanza ni kuizuia isitumike. Kijana wa miaka 16 anayeamini kwamba mwanaume ni yule anayejibu ngumi kwa ngumi anahitaji kuusikia mtihani huo kutoka kwa mtu ambaye hawezi kumwita mwoga.

Na kama shule yako imewahi kuwa na vuguvugu la mgomo, chukua kisa cha Januari 1964. Askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Walidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza, na madai hayo yalikuwa na msingi. Njia waliyochagua iliitikisa nchi changa mpaka serikali ikalazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza, jeshi lile likavunjwa, na JWTZ likaundwa Septemba 1 ya mwaka huohuo. Mpe mzee mstaafu nafasi aeleze jinsi askari wa leo anavyofikisha lalamiko lake kwa wakubwa. Kisha waulize wanafunzi: uji una wadudu, mwalimu wa zamu hasikii, mnafanyaje? Nakuhakikishia hapo hakuna atakayesinzia.

Kuhusu kikao chenyewe, kifanye kidogo. Wanafunzi 10 au 15 wanatosha, na wawe walewale muhula mzima. Kama mna skauti au klabu ya wapinga rushwa, anzeni na hao kwa kuwa tayari wana utaratibu wa kukutana. Kaeni kwa duara chini ya mti au darasani, mzee akae kwenye kiti kizuri kilichoandaliwa mapema. Watoto wamwamkie "shikamoo babu" mmoja baada ya mwingine na kujitambulisha kwa majina na vijiji vyao. Usiuruke utaratibu huu ukidhani unapoteza muda. Mara nyingi mzee atasema "ninyi si wa kwa fulani pale mtoni?", na tayari atakuwa anazungumza na wajukuu wa watu anaowafahamu.

Msimulizi apewe dakika 15 au 20. Mweleze kabla, nyumbani kwake, kwamba utamwomba asimame pale uamuzi ulipokuwa haujafanyika. Hilo ni muhimu kuliko jambo lolote katika kikao. Afike mlangoni pa duka, anyamaze. Wewe uwageukie wanafunzi: mko wawili wawili, amueni, mna dakika tano. Watabishana. Wengine watasema wangechukua, na usiwakaripie kwa kusema hivyo, kwa sababu ukiwakaripia mara moja tu watakuwa wanakujibu majibu ya mtihani mpaka mwisho wa mwaka. Ndipo mzee amalizie yeye alifanya nini, na kilimgharimu nini. Maswali yafuate. Mwishoni kabisa ndipo wewe mwalimu, maana kuliunganisha na mtaala ni kazi yako, uulize tendo lile tuliite nini, ulihusishe na kipindi cha Historia ya Tanzania na Maadili.

Maswali ya wanafunzi yaandaliwe siku moja kabla, yaandikwe, na uyasome. Swali la "uliua watu wangapi?" litaulizwa usipolizuia. Sisemi uwazuie watoto kudadisi, lakini wafundishe kwamba swali hilo halimheshimu mzee wala waliokufa. Swali la "ulipokuwa unaogopa ulimwambia nani?" litawafikisha mbali zaidi.

Kisha kuna kitu ambacho wengi hawakipangi: mikono ifanye kazi. Baada ya kikao cha pili au cha tatu, tafuta kazi ambayo mzee anaijua na wanafunzi wanaweza kuifanya naye, kama bustani ya mboga, kupanda miti, kukarabati uzio, au kusafisha chanzo cha maji. Vijana huuliza mambo yao mikono ikiwa na shughuli na macho yakitazama kwingine. Hapo ndipo kijana atasema kwamba baba amehama nyumbani, au kwamba kuna watu wanampa pesa avushe mizigo mpakani usiku. Hayo hayatasemwa kwenye duara lenye mada.

Kurudi tena na tena kuna uzito kuliko unavyoweza kudhani. Mwaka 2002 Jean Grossman na Jean Rhodes walichunguza vijana wa Marekani waliokuwa wamepewa watu wazima wa kuwalea kwa ukaribu. Uhusiano uliodumu mwaka mmoja au zaidi ulizaa matunda mengi kuliko mwingine wowote. Ule uliokatika ndani ya miezi mitatu uliwaacha vijana wakijithamini kidogo kuliko mwanzo. Kwa hiyo mlezi anayekuja mara mbili kisha akapotea anaweza kuacha jeraha, hasa kwa mtoto ambaye tayari ameachwa na mtu mwingine. Ni afadhali uwe na wazee wawili na kundi moja la wanafunzi 12 kwa mwaka mzima kuliko wazee wanane wanaopokezana. Mkuu wa shule akidai shule nzima ifaidike, mwambie kundi lijalo litaanza mwakani, na vijana wa kundi la kwanza watakuwa wasaidizi wako.

Umeuliza kama kuna la kuogopa. Yapo, na nitayasema bila kuzunguka.

La kwanza ni fimbo. Wapo wastaafu wanaoamini kwamba tabia hujengwa kwa adhabu, na wapo wazazi watakaowaomba "tunyooshee hawa watoto". Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinampa mamlaka hayo mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viboko haviwezi kuzidi vinne. Mgeni hana nafasi katika kanuni hizo. Hapaswi kupiga, kurusha kichurachura wala kumtembeza mtoto kwa magoti. Kwata nayo, kama wanafunzi wanaipenda, ifanyike kama mchezo wa skauti, isigeuzwe njia ya kumwadhibu mtu. Yaseme haya kwa mzee siku ile ya kwanza nyumbani kwake, kwa heshima lakini kwa uwazi. Asiyekubali, mshukuru na umwache.

La pili ni usalama wa watoto. Mtu kuwa shujaa hakumwondoi kwenye utaratibu unaomhusu kila mtu mzima. Vikao vifanyike shuleni, mahali pa wazi, mwalimu akiwepo. Asiwepo mtoto wa kwenda nyumbani kwa mzee peke yake, wala mzee wa kumpa mwanafunzi mmoja zawadi au pesa kando. Wazazi wapewe taarifa na waridhie. Mzee mwema hataona vibaya kanuni hizi ukimwambia ni za wote.

La tatu ni chuki, na kwa Misenyi ninalisisitiza sana. Wanafunzi wako wana shangazi na wajomba ng'ambo ya mpaka. Mutukula leo ni mahali pa biashara ya kila siku kati ya nchi mbili. Simulizi za 1978 zikisimuliwa ovyo, neno "Amin" litageuka kuwa "Waganda", na utakuwa umefundisha kinyume cha ulichokusudia. Mkumbushe mzee kwamba Waganda wengi waliteswa na utawala uleule, na kwamba Waganda waliokuwa uhamishoni walipigana bega kwa bega na askari wetu mpaka Kampala ilipotekwa Aprili 1979. Wazee wengi waliokuwa vitani wanalijua hilo kuliko sisi, na baadhi yao watakusimulia walivyopewa maji na matoke na wanakijiji wa huko. Kisa hicho kitafute kwa makusudi.

La nne ni maumivu ya mzee mwenyewe. Mtu anaweza kukaa na jambo kwa zaidi ya miaka 40 bila kulisema, likaja kumtoka mbele ya watoto. Ndiyo maana nakuambia umsikilize kwanza nyumbani. Ukiona usingizi unampotea baada ya mazungumzo yenu, au anatetemeka, au mkewe anakuambia amebadilika, usiendelee. Asiombwe kusimulia, aalikwe bustanini tu, au aje siku ya michezo akae na wanafunzi. Zungumza na familia, na mkiona inafaa msindikizeni kituo cha afya. Kikaoni, mpe haki ya kusema "hapo sitaki kufika", na wanafunzi waambiwe mapema kwamba neno hilo likisemwa, maswali ya upande huo yamekwisha.

Huenda pia akaanza kueleza kinyongo cha mafao na kusahauliwa. Usimkatize kwa ukali, maana mara nyingi ana sababu. Msikilize wewe pembeni, umwelekeze kwa wastaafu wenzake katika MUWAWATA, muungano wa wanajeshi wastaafu, ambao ndio wenye sauti ya kulisemea jambo hilo. Siasa za vyama zibaki nje ya lango la shule. Na mambo ya siri za jeshi, mstaafu anaijua mipaka yake, wewe usimchokoze.

Umetaja wazee, nami nina hofu kwamba unawafikiria wanaume tu. Kwenye jeshi wamo wanawake waliostaafu, na katika vita vile walikuwepo wauguzi. Wapo akina bibi waliovuka mto Kagera na watoto mgongoni wakati adui anaingia, wakaacha ng'ombe na nyumba, wakakaa kwa watu wasiowajua, kisha wakarudi kwenye vijiji vilivyoporwa na kuanza upya. Hakuna aliyewapa medali. Lakini ukitaka kufundisha ustahimilivu na ukarimu, mlete bibi aliyekimbia na mlete mwingine wa kusini ya mto aliyempokea, wakae pamoja. Wasichana wako wanahitaji kuona kwamba tabia njema si mali ya mwenye bunduki. Wavulana wanahitaji kuliona hilo zaidi.

Kuhusu taratibu, usiruke ngazi. Anza kwa mkuu wa shule na bodi, kisha Afisa Elimu Kata na Mtendaji wa Kata wajue. Halafu nenda wilayani kwa Mshauri wa Mgambo. Huyu ni mwanajeshi, na mara nyingi ndiye anayejua nani alihudumu kweli na nani anajiita tu, jambo ambalo utalihitaji kwa kuwa kila kijiji kina mtu mwenye simulizi za vita alivyosikia kwa wengine. Mstaafu asiombwe kuvaa kombati ili kuwavutia watoto. Sare za jeshi si za kuvaa baada ya utumishi bila ruhusa, na suti yake yenye medali kifuani inatosha. Mlipe nauli. Mpe chakula kilekile mnachokula walimu. Kama mna uwezo, pangeni safari ya kwenda naye Kaboya, wilayani Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa, lakini iwe mwishoni mwa mwaka, wanafunzi wakiwa wameshamjua, ili akisimama mbele ya jina la mwenzake wawe wanajua aliyesimama pale ni nani.

Usichelewe, Mwalimu. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1979 sasa amevuka 65, na waliokuwa viongozi wa vikosi ni wakubwa zaidi. Wakati kundi la kwanza likiendelea, wape wanafunzi wawili wenye mwandiko mzuri kazi ya kuandika anachosimulia kila mzee, au warekodi kwa simu ya shule. Muombe kibali kwanza, mbele ya mtu wa familia yake. Akimaliza msomee yote, afute anachotaka kufuta. Nakala ya kwanza iende kwa watoto wake, ya pili ibaki maktaba ya shule.